Makongamano ya vijana yatuletee watakatifu waliokataa mlungula

Likizo ya Agosti ikikaribia, ni vigumu kupata parokia ya Kikatoliki humu nchini ambayo haina bango la kongamano la vijana. Mada hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, ila maneno mawili hayakosi: uinjilishaji na watakatifu. Vijana huchanga ada, hukodi matatu au basi la shule, huvaa fulana za rangi moja, na kwa siku tatu au nne hulala kwenye madarasa ya shule fulani ya bweni, huku wakila githeri na kuimba hadi sauti zinakauka. Yeyote aliyewahi kuhudhuria anajua kwamba ni raha. Ni mahali pa kupata marafiki, na wengine, tuseme ukweli, hupata wachumba.

Hatuna ugomvi na raha hiyo. Kijana anayeshinda nyumbani akisubiri simu ya kazi ambayo haiji anahitaji pahali pa kucheka na wenzake. Swali letu ni kuhusu wale watakatifu waliochapishwa mgongoni mwa fulana. Wanatajwa asubuhi, wanaombwa jioni, wanapigiwa makofi, halafu tunarudi nyumbani bila kujua walifanya nini hasa. Tumeambiwa walikuwa safi. Tumeambiwa walisali sana. Basi.

Mwaka jana nilihudhuria kongamano moja la ngazi ya dekania ambalo mada yake ilikuwa hiyo hiyo, kuinjilisha kwa mfano wa watakatifu. Mafundisho yalikuwa mazuri tu. Tulifunzwa kuhusu mavazi, urafiki wa kijana na msichana, pombe, simu na usiku wa manane. Siku ya pili mchana, wakati wa maswali, dada mmoja aliyemaliza chuo alisimama akasema ameitwa kazi ya mkataba, lakini kuna mtu wa kati anayetaka elfu themanini kwanza. Mamake yuko tayari kuuza ng'ombe. Akauliza, "Nimwombe mtakatifu yupi?" Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka. Mwezeshaji akasema tumwachie Mungu, kisha akaomba swali linalofuata.

Kicheko kile kilikuwa cha watu wanaojua. Karibu kila aliyekuwa ukumbini alikuwa ameshaombwa kitu kidogo pahali fulani: kwenye usajili wa kazi, kituo cha polisi, afisi ya kutafuta cheti, au barabarani akiwa kwenye bodaboda. Hilo ndilo jaribu ambalo kijana Mkenya hukutana nalo akiwa amevaa vizuri, mchana kweupe, na hakuna mtu anayemwona kuwa mtenda dhambi akikubali. Kinyume chake, akikataa ndipo anaonekana mjinga. Kongamano linalozungumzia utakatifu kwa siku tatu bila kugusa jambo hilo linatufunza kuwa watakatifu wa chumbani na kanisani pekee.

Ajabu ni kwamba jibu la dada yule lipo, tena lipo jirani, na lina jina ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa. Anaitwa Floribert Bwana Chui.

Bwana Chui alizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, mnamo 1981. Alisomea sheria. Alikuwa mwanachama wa jumuiya ya Sant'Egidio, kundi la walei Wakatoliki lililoanzia Roma, na jijini Goma alijulikana kwa kuwasaidia watoto wa mitaani warudi shule. Baadaye akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, Office Congolais de Contrôle. Kazi yake mpakani ilikuwa kuangalia vyakula vinavyoingia na kuamua kama vinafaa kuliwa. Iwapo havifai, viharibiwe.

Anayeijua mipaka yetu anaelewa mara moja maana ya kazi hiyo. Mtu aliye na muhuri mpakani anaweza kujenga nyumba ya ghorofa ndani ya miaka miwili. Vyakula vilivyoharibika vilifika, wenye mali wakataka vipite, wakaahidi pesa. Akakataa. Wakaongeza shinikizo. Akakataa. Hoja yake kwa waliokuwa karibu naye ilikuwa nyepesi: pesa hizo zingeisha upesi, lakini wale ambao wangekula chakula kile je? Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Juni 15, 2025, Kanisa lilimtangaza mwenyeheri katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, mjini Roma, kama mfiadini. Hebu tulitafakari hilo polepole. Hakuna aliyemshikia panga akimwambia aikane Biblia. Alikuwa kazini, mbele ya karatasi ya kutia sahihi. Kanisa likasema kwamba kukataa kutia sahihi ile ilikuwa ni kumshuhudia Kristo kwa damu. Sidhani kuna fundisho kuhusu uinjilishaji ambalo lingemfaa kijana wa Kenya leo kuliko hilo, na bado ukiwauliza vijana kumi wa parokia yoyote, sina hakika wawili watakuwa wamewahi kulisikia jina lake.

Papa Francis alimtaja alipokutana na vijana uwanjani Kinshasa mwezi Februari 2023, miaka miwili kabla ya kutangazwa kwake. Aliwaeleza kwamba kijana huyo angeweza kufumba macho, na hakuna ambaye angejua, na pengine hata angepandishwa cheo. Papa huyo huyo alikuwa ametuambia sisi jambo kama hilo mapema zaidi. Novemba 27, 2015, uwanjani Kasarani, aliweka pembeni hotuba yake na kujibu maswali ya vijana wawili. Alizungumzia ukabila hadi akawaomba watu wote uwanjani washikane mikono. Kisha akaifananisha rushwa na sukari: ni tamu, inatelemka vyema, mwishowe nchi nzima inaugua kisukari. Waliokuwa na umri wa miaka kumi siku hiyo sasa ndio wanaotafuta kazi. Wengi wao wanakumbuka mvua na matope ya ziara hiyo. Sukari imesahauliwa.

Na tusidhani kwamba chakula kibovu cha Goma ni mambo ya Kongo. Mwaka wa 2024 wakulima wa nchi hii waliuziwa mbolea ghushi iliyofungwa kwenye magunia na kupitishwa katika mpango wa ruzuku ya serikali. Magunia yale hayakujipeleka ghalani. Kuna mtu aliyeyapokea, mwingine akayakagua, mwingine akatia sahihi. Haitakuwa ajabu ikiwa kati yao wamo waliobatizwa, wakapewa kipaimara, na ujanani wakahudhuria makongamano kama haya yetu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni siasa, na kwamba kongamano ni la kusali. Tunawaomba wasome upya habari za wale ambao sanamu zao ziko kwenye madirisha ya makanisa yao. Tuanze na Mashahidi wa Uganda, kwa kuwa hakuna watakatifu wanaopendwa Kenya kama hao. Tuna shule za Kizito, zahanati za Lwanga, kwaya za Mulumba. Kila mwaka Wakenya hufunga safari kuvuka mpaka wa Busia au Malaba kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Juni 3, baadhi yao kwa miguu, siku nyingi barabarani, malengelenge nyayoni.

Mtu wa kwanza kuuawa kati ya wale mashahidi 22 Wakatoliki alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, kijana wa miaka ipatayo 25 aliyekuwa mkuu wa vijana watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Kilichomponza ni nini? Mwishoni mwa Oktoba 1885 Askofu wa Kianglikana, James Hannington, aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka, baada ya kupita nchi ambayo leo ni magharibi mwa Kenya. Balikuddembe alimwendea mfalme akamwambia kwamba alichotenda ni kosa. Tena alikuwa akiwakinga watumishi wadogo wasitumiwe na mfalme kwa tamaa zake za kimwili. Novemba 15 mwaka huo akakatwa kichwa. Yaani mfanyakazi wa ikulu alimkemea bosi wake kwa sababu ya mauaji ya mtu wa dhehebu jingine, na kwa sababu ya watoto waliokuwa chini yake. Kama hiyo si siasa, basi siasa haina maana. Na kama si uinjilishaji, wale waliomtangaza mtakatifu mnamo Oktoba 18, 1964 walikosea, na hatudhani walikosea.

Kuna jambo jingine katika historia hiyo ambalo makongamano yetu hulipita haraka, nalo ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mapadri Wamisionari wa Afrika, waliofika Buganda mnamo 1879, waliondoka Novemba 1882 na hawakurudi hadi Julai 1885. Karibu miaka mitatu bila padri. Hakuna Misa, hakuna kitubio, hakuna wa kuomba ruhusa. Waliorudi walikuta Wakristo wengi kuliko waliowaacha. Nani aliwainjilisha? Ni hao hao vijana wa jumba la kifalme, na watu wa kawaida kama Matia Mulumba, aliyekuwa na mke na watoto. Usiku wa kuamkia Mei 26, 1886, kifo kikiwa kinanusa mlangoni, Charles Lwanga alimbatiza mwenyewe Kizito na wenzake waliokuwa bado wakatekumeni. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Siku chache baadaye, Juni 3, Lwanga na wengi wa wenzake walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki pamoja na Waanglikana.

Sasa linganisha na nafasi tunayopewa. Kijana wa miaka 25 katika parokia nyingi huitwa kupanga viti, kuelekeza magari, kucheza ngoma wakati wa matoleo, na kushika simu Misa irushwe mtandaoni. Akitaka kuzungumza kwenye baraza la parokia anaambiwa asubiri, yeye ni Kanisa la kesho. Lwanga hakusubiri kesho, na kesho yenyewe hakuipata. Paulo VI alipozuru Kampala mwaka wa 1969, Papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika, alituambia Waafrika kwamba sasa sisi wenyewe ndio wamisionari wetu. Zaidi ya nusu karne imepita. Ati bado tunajifunza kupanga viti?

Watakatifu wengine nitawataja kwa ufupi. Carlo Acutis, Mwitaliano aliyekufa kwa saratani ya damu mnamo 2006 akiwa na miaka 15, alitangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025, na tangu hapo picha yake akiwa na mkoba mgongoni iko kila mahali. Ni kijana wa kupendeza, na tovuti yake kuhusu miujiza ya Ekaristi ni kazi ya kweli. Lakini nina wasiwasi kidogo na jinsi tunavyomtumia. Amegeuzwa ruhusa ya kukaa kwenye simu: pakia aya ya Biblia, weka picha ya altare, umeinjilisha. Siku ile ile alitangazwa mwingine ambaye hapa kwetu hatajwi sana, Pier Giorgio Frassati wa Turin, mwana wa mwenye gazeti kubwa la La Stampa. Huyu alikuwa mpanda milima, mcheshi, na mpinzani wa mafashisti wa Mussolini, ambao walivamia nyumba yao na yeye akawatimua. Nauli yake aliwagawia maskini, kisha akarudi nyumbani mbio kwa miguu. Alipofariki mwaka wa 1925 akiwa na miaka 24, familia yake tajiri ilishangaa kuona maskini wa mji wamejaa barabarani kumzika. Hawakujua mtoto wao alikuwa akienda wapi jioni.

Na nyumbani tunaye Mwenyeheri Irene Stefani. Watu wa Nyeri walimpa jina Nyaatha, yaani mwenye huruma. Mtawa huyo wa Consolata alifika Kenya akiwa na umri wa miaka 23. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alihudumia wabebaji mizigo Waafrika katika hospitali za kijeshi, Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Baada ya vita alikaa Gikondi miaka kumi. Alifundisha, alitembelea wagonjwa kwa miguu, na aliwaandikia wazazi wasiojua kusoma barua za kuwatumia watoto wao waliokwenda mbali kutafuta kazi. Oktoba 31, 1930 alikufa kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyemhudumia. Mei 23, 2015 umati ulifurika Nyeri alipotangazwa mwenyeheri. Barua ndizo zinazonigusa. Hakuna anayejenga sanamu ya mtu anayeandika barua ya jirani, ila ndivyo alivyohubiri kwa watu ambao lugha yao alijifunza ukubwani.

Ukiwapanga hawa wote pamoja, unaona kwamba hakuna aliyeinjilisha kwa kipaza sauti. Mmoja alikuwa mkaguzi wa vyakula, mwingine mtumishi wa ikulu, mwingine mwanafunzi wa uhandisi wa migodi, mwingine muuguzi. Watu waliwaamini kwa sababu ya walivyoshika kazi zao.

Tunajua pingamizi lililobaki, nalo ni zito. Bwana Chui aliuawa. Balikuddembe aliuawa. Tunamwambia dada yule mwenye ng'ombe mmoja afe masikini ili awe mtakatifu? Hapana. Na hapa ndipo lawama inapotoka kwa vijana na kwenda kwa wakubwa. Kijana anayekataa kutoa mlungula peke yake atakosa kazi, jioni atarudi kwa mama ambaye atamuuliza kama utakatifu utalipa karo ya nduguze. Kanisa likitaka akatae, ni lazima akataapo awe na watu nyuma yake.

Kanisa Katoliki si maskini wa watu wala wa nafasi. Lina shule, hospitali na vyuo katika kila pembe ya nchi hii, kwa hivyo lenyewe ni mwajiri. Lianze kwa kutangaza kazi zake hadharani, kila mara, na kuajiri kwa sifa bila kuangalia nani ni mpwa wa nani. Katika Misa za mjini kuna mawakili, maafisa wa forodha, wahasibu na polisi. Watu hawa huonekana tu wakati wa kuchangia ujenzi wa nyumba ya paroko. Waitwe kongamanoni. Wakili wa parokia aeleze kijana anayeombwa hongo anaweza kuripoti wapi, na atalindwaje. Afisa aliyewahi kukataa asimame aseme ilimgharimu nini, bila kupamba. Aliyewahi kuombwa na kutoa, akitaka, naye azungumze.

Pia kuna suala la kapu la sadaka. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki waliikosoa serikali vikali, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaamuru mchango wa Rais uliotolewa katika Kanisa la Soweto, jijini Nairobi, urudishwe. Jumla ilikuwa Sh2.6 milioni. Kulikuwa na kelele, wengine wakasema Kanisa linajifanya. Kwetu sisi vijana, ambao miezi mitano tu awali tulikuwa tumewazika wenzetu waliouawa kwenye maandamano ya Juni, lile lilikuwa fundisho kubwa kuhusu uinjilishaji kuliko mahubiri ya mwaka mzima. Tuliona taasisi ikishika pesa mkononi na kuzirudisha. Shida ni kwamba parokia nyingine bado zinawaweka wanasiasa kiti cha mbele siku ya harambee, na vijana ndio wanaoambiwa wawaimbie. Huwezi kunifundisha kuhusu Bwana Chui asubuhi kisha mchana unitume nimpokee kwa nyimbo mtu ambaye pesa zake hakuna anayethubutu kuuliza zilitoka wapi.

Kwa wanaopanga makongamano ya mwaka huu, ratiba bado zinaweza kurekebishwa. Punguzeni saa moja ya kucheza, hatutakufa. Mchana mmoja mzima uachiwe kazi na pesa, vijana wakae katika vikundi vya watu kumi, kila mmoja aeleze aliombwa nini, wapi, na alijibu nini, na mapadri wakae humo humo kwenye vikundi wakisikiliza, si mbele kwenye jukwaa. Ada ipunguzwe ili asiye na kazi ahudhurie pia, maana ndiye anayehusika zaidi. Na sura ya Floribert Bwana Chui ikiwekwa kwenye fulana, basi chini yake paandikwe kazi aliyokuwa akifanya.